D ya Liti Siyo D ya Matokeo

Oya wana! Misuna, Mandewa, Kibaoni, mpaka masela wa Kiomboi na Manyoni mliopanga geto mjini. Leo hatuongelei raba wala mkeka wa wikendi. Leo jiometri. Ndiyo, hiyohiyo inayokulaza kipindi cha saa nane mchana. Usininunie. Msimu huu anayebamba darasani ni yule mwana anayechora duara likakaa, akaandika sababu, akaweka bikari chini kama DJ aliyemaliza seti. Kipanga wa kukariri kapitwa. Kipanga wa kuchora ndiye yuko kwenye chati.

Tuanze na maksi, maana najua ndicho kinachokuamsha. Pepa ya hesabu ya fomu foo, 041, ni masaa matatu, maswali 14. Kumi ya seksheni A, kila moja maksi 6. Manne ya seksheni B, kila moja 10. Sasa chukua past pepa yoyote uhesabu jiometri na ndugu zake: pembetatu, maeneo, Pitagorasi, duara, maumbo ya pande tatu, dunia tufe. Ukibeba matatu ya A na moja la B, una 28 mfukoni. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Yaani mwana, hujagusa matriki, hujagusa lojarithimu, na tayari mlango wa D unaubisha. Halafu kuna mtu ananiambia "mimi jiometri naiacha, siipendi." Unaacha 28? Kwa jeuri ya pesa gani?

Twende Liti, uwanja wetu wa Singida. Kuna wazee bado wanaita Namfua, waache, hata simu wanapokelea spika. Wewe simama nyuma ya goli, tazama boksi. Unaliona lile tao juu ya boksi, tunaloita D? Umelitazama tangu utoto, hujawahi kuliuliza limetoka wapi. Penati iko mita 11 kutoka mstari wa goli. Boksi linaishia mita 16.5. Sheria inasema wakati wa penati kila mtu isipokuwa mpigaji akae angalau mita 9.15 mbali na mpira. Kwa hiyo D ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha 9.15, sentabolti yake ni kile kidoti cha penati. Kutoka kidoti mpaka ukingo wa boksi ni 16.5 toa 11, yaani 5.5. Umeiona pembetatu mraba imekaa kimya pale? Upande mrefu 9.15, mfupi 5.5. Kipeo cha pili cha 9.15 ni 83.72, toa 30.25, unabaki na 53.47, kipeuo chake ni 7.31. Hiyo ni nusu ya upana wa D. Sasa shika kichwa: goli lenyewe lina upana wa mita 7.32. Nusu ya D na goli zima vimepishana sentimita moja! Unyama mtupu, na umekaa pale wikendi zote unakula karanga.

Hilo swali ni la fomu tuu kwa Pitagorasi, na ni la fomu thrii kwa duara, maana ulichofanya ni kushusha mstari kutoka sentabolti kwenda kwenye kodi (chord), ukaikata katikati. Mchoro mmoja, topiki mbili.

Ticha anataka nini kwako? Vitu vichache kichizi. Kwanza uje na mkebe wako. Wako. Penseli iliyochongwa, rula ya kuonekana namba, bikari isiyolegea. Skrubu ikilegea, duara linaanza sentimita nne linafungia nne na nusu, likawa yai. Kaza skrubu, shika bikari kwa kichwa, zungusha mara moja. Pili, mchoro uwe mkubwa, robo tatu ya ukurasa. Kuna wana wanachora duara la saizi ya sarafu, halafu wanataka kupanga pembe sita humo ndani. Utaisoma na nini, darubini? Tatu, sababu. Kila pembe unayoandika, pembeni yake weka sababu, mstari mmoja, kwa Kimombo cha pepa. Zile thiorem za duara zote zinaingia ukurasa mmoja wa kaunta buku. Ziandike kwa mkono wako, bandika ukutani juu ya godoro, pembeni ya posta ya Diamond.

Sasa aibu. Kuna aibu za mjini, na kuna aibu za jiometri. Kuomba bikari ndani ya chumba cha mtihani, aibu. Kuchora kwa peni ya bluu halafu kufuta kwa mate mpaka karatasi itoboke, aibu kubwa. Kuweka kipimapembe juu ya mchoro wa pepa ulioandikwa kabisa kwamba haukuchorwa kwa skeli, hiyo hata kukutania nashindwa. Na wewe uliyechonga jina la manzi kwenye dawati kwa ncha ya bikari, jina bado lipo, manzi yuko Dodoma, bikari haina ncha. Umekula hasara mara tatu.

Wazee wao wana nadharia yao: hesabu ni ya ukoo. "Kwetu hakuna aliyewahi kuziweza." Mshua anaongea hivyo huku anamsimamia fundi wa msingi aliyepima kamba tatu, nne, tano ili kona ya nyumba ikae skwea! Tatu kwa tatu tisa, nne kwa nne kumi na sita, jumla ishirini na tano, tano kwa tano. Pitagorasi kasimama kiwanjani kwao kavaa ndala, wanamlipa kwa siku, na bado wanasema kwenye ukoo hayupo. Kaa nao vizuri, itikia shikamoo, ila ushauri wao wa hesabu usiuchukue.

Bei sasa. Singida bei tunaipima kwa kuku wa kienyeji, kila mtu anaielewa. Mkebe wa kawaida haufiki hata paja. Ila kuna mkebe wa bati linalong'aa, una vitu kumi na mbili, vinane hujui kazi yake: huo usinunue, unalipia kelele za bati. Kikokotoo cha Casio chenye vitufe kama rimoti kinakula kuku wazima, na hakijui kuchora pembetatu. Twisheni ya kila siku jioni, ukijumlisha muhula, umemaliza banda. Na wengi wanaenda kuuza sura tu. Kitonga kipo: vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vipo mtandaoni bure, GeoGebra bure, na NECTA wanaweka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na makosa yao yakiwa wazi. Hayo makosa ni dhahabu. Bando la jero linatosha kudaunilodi, ukitoka TikTok kwanza.

Msuli wenyewe upige hivi. Usikeshe. Jiometri ya saa nane usiku ni mistari inacheza singeli. Nusu saa kila siku, kabla ya ugali, wakati bado kuna mwanga. Soma thiorem, funga buku, chora upya bila kuchungulia. Ukikwama, fungua, tazama pale tu ulipokwama, funga, anza tena kutoka juu. Ukiona nusu kipenyo mbili ndani ya duara, shtuka: hiyo pembetatu ina pande mbili sawa. Pembe ya katikati 110? Zile mbili za pembeni ni 35 na 35, na pembe ya kwenye mzingo inayotazama tao hilohilo ni 55. Hujakariri chochote hapo, umeona tu. Chimbo la diskasheni liwe la watu wanne. Wakifika kumi ni kijiwe. Mmoja anachora chini kwa kijiti, mwenye swali ndiye anaeleza. Past pepa piga na saa: chini kidogo ya dakika 11 kwa swali la maksi 6, dakika 18 kwa la 10. Saa ikiisha, ruka, hata kama roho inauma.

La mwisho ni dunia tufe, topiki ambayo nusu ya darasa inaingia chaka, na sisi ndio tumekaa juu yake. Ukikadiria kwa digrii nzima, Singida ni 5°S, 35°E. Tanga ni 5°S, 39°E. Mstari mmoja wa latitudo, tofauti ya digrii 4. Chukua nne juu ya 360, zidisha kwa mbili pai R, R iwe 6400 na pai 3.14, halafu zidisha kwa kos ya 5 kutoka four figure, 0.9962. Unapata kama kilomita 445. Basi litakula zaidi, lina kona zake na chipsi za njiani.

Tabora nao wako 5°S hiyohiyo, 33°E. Chora tufe, tafuta umbali mpaka kwetu. Ukipata 222, unyama. Ukipata 223, umesahau kos.