Rekodi za Elizabeth wa Kwanza, Malkia Aliyewashinda Wote kwa Kusubiri

Watu wakimtaja Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, hukimbilia mwaka 1588 na meli za Hispania zipatazo 130. Mimi naona rekodi zake kubwa ziko kwingine, maana karibu zote alizipata kwa kungoja, kukawiza jibu na kukataa kusukumwa.

Tuanze na utawala wenyewe. Alirithi kiti cha enzi tarehe 17 Novemba 1558 akiwa na miaka 25, akakikalia hadi alipofariki tarehe 24 Machi 1603. Hiyo ni miaka 44 na miezi minne, mirefu kuliko ya mtawala mwingine yeyote wa ukoo wa Tudor, hata baba yake Henry VIII, ambaye hakufika 38. Mwanamke wa kwanza kuivuka rekodi hiyo Uingereza alikuwa Victoria, katika karne ya 19.

Tena Elizabeth alifariki akiwa na miaka 69. Tangu Wanormani waiteke Uingereza mwaka 1066, hakuna mfalme aliyekuwa ameufikia umri huo, na hili ndilo linalonishangaza zaidi, kwa sababu hakuna aliyetarajia hata atawale. Mama yake, Anne Boleyn, alikatwa kichwa Mei 1536, mtoto hajatimiza miaka mitatu, na Bunge likamtangaza kuwa mtoto wa nje ya ndoa. Mwaka 1554 dada yake, Malkia Mary, alimfungia katika Mnara wa London, ngome ileile alimouawa Anne Boleyn, kwa tuhuma kwamba alijua mipango ya uasi wa Thomas Wyatt. Alikaa humo takriban miezi miwili bila kujua kama atatoka hai. Ushahidi haukupatikana. Mwaka 1562, akiwa malkia, ndui ilimwangusha kitandani Hampton Court, na washauri wake wakaanza kubishana ni nani wa kumrithi naye bado anapumua.

Rekodi ya posa haina mshindani. Philip II wa Hispania alimposa. Erik XIV wa Sweden alimposa. Mwanamfalme Karl wa Austria alizungumziwa kwa miaka kadhaa. Wa mwisho, François wa Anjou, alikuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 20, naye alikwenda Uingereza mwenyewe. Washenga walikwenda na kurudi, Bunge likamsihi aolewe ili apatikane mrithi, na kila mara jibu lake halikuwa ndiyo wala hapana. Yeye ndiye malkia pekee aliyetawala Uingereza kwa haki yake mwenyewe bila kuolewa kamwe. Wengine huliita jambo hili huzuni ya mapenzi, hasa kwa sababu ya Robert Dudley, ambaye barua yake ya mwisho malkia aliitunza hadi kufa. Huenda huzuni ilikuwapo. Lakini mchumba aliyebaki na matumaini hakuwa na haraka ya kuleta vita, na kwa nchi yenye hazina ndogo hiyo ilikuwa ngao.

Mshauri mkuu aliyedumu naye ni William Cecil: karibu miaka 40, kuanzia siku za kwanza za utawala hadi alipofariki mwaka 1598. Kwa elimu pia malkia alikuwa mbele: alizungumza Kilatini, Kifaransa na Kiitaliano, akasoma Kigiriki, na mwaka 1593, akiwa na miaka 60, alikaa akatafsiri kitabu cha falsafa cha Boethius kutoka Kilatini.

Ipo rekodi isiyopaswa kupambwa. John Hawkins, Mwingereza wa kwanza kuifanya biashara ya kuwavusha Waafrika watumwa Atlantiki kuwa mradi wa kudumu wa faida, alipoondoka kwa safari yake ya pili mwaka 1564, malkia alimkodisha meli yake mwenyewe, Jesus of Lübeck. Watu walitekwa Afrika Magharibi, wakauzwa Karibi, naye malkia akapata sehemu ya faida. Utukufu wa zama zake hauwezi kuhesabiwa bila hili.

Mkono wa zama hizo uligusa pwani yetu pia. Mwishoni mwa 1591 nahodha James Lancaster alitia nanga Unguja na meli Edward Bonaventure, Mwingereza wa kwanza anayejulikana kufika huko na meli yake, akakaa hadi mapema 1592. Tarehe 31 Desemba 1600 malkia alitoa hati ya kuanzisha Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, na safari yake ya kwanza, iliyoondoka mwaka 1601, ilipewa Lancaster huyohuyo.