Gesi Inayofunguliwa kwa Mwanga

Mvuke wa sodiamu humeza mwanga wa manjano wa nanomita 589 hivi, kwa kuwa nishati ya mwanga huo ndiyo hasa inayohitajika kuipandisha elektroni kutoka ngazi ya chini ya nishati hadi ya juu. Hata hivyo, mvuke huohuo ukimulikwa kwa leza ya pili iliyochaguliwa vizuri, huupitisha mwanga ule bila kuumeza.

Siri imo katika ngazi tatu: mbili za chini na moja ya juu. Leza dhaifu, ile ya mwanga unaomezwa, huunganisha ngazi ya chini ya kwanza na ile ya juu. Leza ya pili, yenye nguvu, huunganisha ngazi ya chini ya pili na hiyohiyo ya juu. Elektroni sasa ina njia mbili: kupanda moja kwa moja, au kupanda, kushuka hadi ngazi ya pili, kisha kupanda tena. Katika fizikia ya kwanta hakuna njia inayochaguliwa. Zote huhesabiwa pamoja, kila moja kama wimbi, na kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la jingine, mawimbi hufutana. Ajabu kubwa ni hii: njia imeongezwa, lakini uwezekano wa kufika juu umetoweka.

Mwaka 1976, watafiti wa Pisa, Italia, waliona mistari myeusi katika mng'ao wa mvuke wa sodiamu, mahali ambapo atomu ziliacha kumeza mwanga. Mwaka 1991 kundi la Stephen Harris wa Chuo Kikuu cha Stanford liliupitisha mwanga katika mvuke wa strontiamu ambao kwa kawaida huuzuia kabisa.

Mwanga unaopita hivyo hupunguza mwendo sana. Mwaka 1999 Lene Hau, mwanafizikia mzaliwa wa Denmark, na wenzake nchini Marekani waliushusha hadi mita 17 kwa sekunde katika sodiamu iliyopozwa karibu na sifuri halisi. Mwendo huo ni wa basi barabarani. Mwaka 2001 mwanga ulisimamishwa: leza yenye nguvu ikizimwa taratibu, alama ya mwanga hubaki katika ngazi za chini za atomu; leza hiyo ikiwashwa tena, mwanga hutoka.

Katika gesi, alama hiyo hufutika upesi kwa sababu atomu hutangatanga. Kwenye fuwele atomu zimetulia, na mwaka 2013 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliihifadhi kwa dakika moja.