Kibirika Chekundu Kwenye Dashibodi

Mataa ya Buguruni, saa nane mchana, mwezi wa pili. Kiyoyozi nilishakizima ili injini ipumue, vioo vyote vinne viko chini, nami nasubiri chenji ya muuza maji. Hapo ndipo nilipokiona kile kibirika chekundu kinachodondosha tone, kikipepesa kwenye dashibodi kama jicho lililoingia mchanga. Nikakanyaga mafuta kidogo, kikazima. Nikaachia, kikarudi.

Gari langu ni Corolla AE110 yenye injini ya 5A-FE, toleo ambalo Toyota walianza kulitoa 1995. Kilometa zake siku hizi nazisoma kama hadithi. Hakuna anayejua mita ilichezewa mara ngapi kabla halijanifikia. Lakini linawaka kila asubuhi, halitoi moshi, na nimelizoea. Kwa hiyo jioni ile nilipopita gereji nilikuwa na wasiwasi wa mtu anayempeleka mzazi hospitali.

Fundi, kijana mchangamfu, alifungua boneti, akasikiliza kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, akaifunga.

"Dada, injini imechoka hii. Ni pampu, au metali zimelika. Usihangaike nayo, kuna injini ya mtumba imeshuka juzi, kesho kutwa nakuwa nimeshakufungia."

Bei yake ilivuka milioni moja. Huenda alikuwa sahihi, na injini za mtumba zimewaokoa wengi. Kilichonikera ni kwamba hakupima chochote. Hata stiki ya oili hakuichomoa.

Niliichomoa mwenyewe asubuhi, gari likiwa baridi na limesimama mahali pa tambarare. Oili ilikuwa katikati ya alama mbili, haina harufu ya petroli. Na hapa wengi wetu tunapotea, maana tunadhani kibirika kile kinapima wingi wa oili. Hakipimi wingi, kinapima presha. Sampo, lile beseni la oili chini ya injini, inaweza kujaa na taa ikawaka. Oili inaweza kupungua lita nzima na taa isiseme neno, mpaka siku unapokata kona kwa kasi, oili ikakimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, taa ikamulika mara moja na kuzima. Ikimulika kwenye kona au unapofunga breki, anza na stiki. Ikipepesa gari likiwa sailensa na injini imechemka, kama langu, kuna jambo jingine.

Na isipopepesa bali ikawaka moja kwa moja huku unaendesha, usitafute kituo cha mafuta kilicho mbele. Pembeni, zima, hapo hapo. Dakika chache za chuma kusagana na chuma zinatosha kumpa yule kijana haki ya kukuuzia injini.

Pampu ya oili haitengenezi presha, ingawa tunasema hivyo. Kazi yake ni kusukuma tu. Presha inazaliwa pale oili inapobanwa kwenye njia nyembamba. Aliyewahi kuziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba ameshaelewa. Kwenye injini, njia hizo ni nafasi zilizopo kati ya shafti na metali zake. Kwa konrodi za injini ya aina hii, nafasi ikiwa mpya ni milimita 0.02 hadi 0.05, chini ya unene wa unywele. Metali zikilika, njia inapanuka na oili inapita kiulaini. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, nayo inapita kiulaini. Na injini ikiwa sailensa pampu inazunguka polepole. Mambo hayo matatu yalikutana Buguruni.

Kabla ya kuamini lolote, nilimkagua mtoa habari. Swichi ya oili ni kidude kinachoenea kiganjani, kimefungwa ubavuni mwa injini, kina waya mmoja. Ndani yake kuna kiwambo. Injini ikiwa imezimwa kiwambo kimelala, umeme wa ule waya unapita hadi kwenye bodi, taa inawaka. Presha ikipanda kidogo kiwambo kinasukumwa, mguso unaachia, taa inazima. Kwa hiyo ukizungusha ufunguo bila kupiga stata, lazima kibirika kiwake. Kisipowaka, ama balbu imekufa ama kuna mtu kaiua. Niliwahi kuonyeshwa gari la kuuzwa, tairi zimepakwa mafuta zinang'aa, na taa zote zikawaka isipokuwa hiyo moja. Nilimshukuru mwenye gari, nikaenda zangu. Tangu siku hiyo nikikagua gari nahesabu taa kwanza, rangi baadaye.

Nilichomoa waya, taa ikazima. Nikaugusisha kwenye chuma cha injini, ikawaka. Kama ingebaki inawaka wakati waya uko hewani, ningejua umechubuka mahali na unagusa bodi. Waya ulikuwa mzima. Nikaenda Gerezani nikanunua swichi mpya, maana za zamani huchoka na kuanza kusema uongo. Nikafunga. Kibirika kikaendelea kupepesa.

Kisha nikafanya kile ambacho kila dereva wa mtaani kwangu alinishauri: nikamwaga oili, nikaweka nzito, 20W-50. Namba yenye W inahusu injini ikiwa baridi. Ya pili inaonyesha uzito wa oili inapofika nyuzi 100 za joto, na 50 ni nzito kuliko 30 ile ya awali. Taa ikanyamaza. Nilitamba kwa wiki tatu. Siku iliporudi, pale pale Buguruni, nilielewa kwamba nilikuwa nimempa mwenye malaria dawa ya maumivu ya kichwa. (Kopo tupu nililitoboa kabla ya kulitupa. Makopo mazima huwa yanarudi dukani yakiwa na oili isiyojulikana ilikotoka.)

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja Vingunguti, gereji yake ni mwembe na benchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ilianza lini?"

Aliuliza maswali kama daktari wa zamani. Inapepesa baridi au moto? Oili ilimwagwa lini? Gari liliwahi kugonga chini? Na la mwisho: kuna mtu aliwahi kufungua sampo? Nikakumbuka kwamba ndiyo, mwaka uliopita lilikuwa linavuja, gereji moja ikaifungua na kuipaka gundi. Mzee akaguna tu.

Geji yake ya presha alikuwa ameiviringisha kwenye kipande cha kanga. Alitoa swichi ili afunge geji mahali pake, lakini kwanza akapekua kopo la viungio kwa muda mrefu. Tundu lile ni la inchi 1/8, akanieleza, ila kuna uzi wa Kiingereza wenye meno 28 kwa inchi, na wa Kimarekani wenye 27. Kwa macho ni mapacha. Ukilazimisha usiofaa, utaingia nusu, kisha utakula uzi wa injini. Alipopata chenye meno 28 akakifunga kwa vidole hadi mwisho, ndipo akashika spana.

Tukawasha na kungoja hadi feni ya rejeta ilipozunguka mara mbili. Kwa injini hii Toyota wanataka angalau kilo 0.3 kwa kila sentimita ya mraba ikiwa sailensa, na kati ya kilo 2.5 na 5 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Kilo 0.3 ni kama paundi 4 tu. Tairi ya gari hilo hilo inajazwa upepo wa paundi 30 hivi. Sindano ya mzee ilikuwa inatetemeka kwenye 0.2. Akavuta waya wa mafuta taratibu hadi 3,000. Sindano ikapanda mpaka karibu 2, halafu, badala ya kutulia, ikaanza kushuka. Mzee akanionyesha kwa kidevu.

"Umeiona? Ingekuwa metali, ungekanyaga ikapanda ikakaa. Hii inashuka. Pampu inakosa chakula."

Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini sikioni, akahama sehemu moja hadi nyingine. Hakusikia mgongano.

Sampo ilitoka kwa shida, imeng'ang'aniwa na gundi. Juu yake ndipo linapokaa chujio, wavu wa waya ambao pampu inavutia oili. Wavu ulikuwa hauonekani. Umefunikwa na tope jeusi mfano wa ugoro uliolowa, na ndani ya tope nyuzi nyekundu za silikoni. Mzee alizivuta kwa koleo moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya gazeti kuukuu. Zilikuwa 11. Moja ilikuwa ndefu kama kidole changu cha shahada.

Aliyefunga sampo mwaka uliopita alikuwa amemimina gundi bila kupima. Inayohitajika ni uzi mwembamba wa milimita 3 hadi 5 kuzunguka ukingo. Ikizidi, boliti zikikazwa sehemu inatokea nje, unaiona na kuifuta, ukingo unapendeza. Sehemu nyingine inatokea ndani, hakuna anayeiona, na oili ya moto inaimenya kidogo kidogo hadi inaanguka. Ndiyo maana taa ilichukua mwaka mzima kuniambia.

Maadamu tumeshafungua, mzee alilegeza kifuniko cha konrodi moja na kunionyesha metali. Ilikuwa ya kijivu, ina mikwaruzo, lakini shaba ya chini haijajitokeza. "Imezeeka," akasema, "haijafa." Tope akalisafisha kwa mafuta ya taa, chujio akaliinua juani kuhakikisha kila tundu linapitisha mwanga. Gundi mpya aliipaka nyembamba kiasi kwamba nilitaka kumwambia aongeze.

Injini ilipochemka tena, geji ilisoma 0.6 kwenye sailensa na 3.1 kwenye mizunguko 3,000, na ilikaa hapo.

Wiki iliyofuata yule kijana wa gereji ya kwanza alinipigia simu. Injini bado ipo, akasema, lakini kuna mteja mwingine anaitolea macho. Nikamsimulia yote, za chujio, za gundi na za geji. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya mzaha:

"Dada, kwani hizo geji zinauzwa wapi?"

Nikamwambia aanzie Gerezani, ila aulizie kiungio chenye meno 28.