Hori la Sur: maji yaliyowalinda mababu zetu na kuficha mengi

Kila likizo ya Idi daraja la Sur linajaa watu. Familia zinatoka Maskati, Nizwa na hata Dubai, wanasimama juu wanapiga picha ya maji ya kijani yaliyotulia baina ya mji na Al Ayjah. Nimewasikia watoto wetu wakiulizana kwa Kiswahili, "Hili ziwa au bahari?"

Ni hori. Waarabu wanasema khor, sisi watu wa pwani tukasema hori, na neno lenyewe limesafiri na vyombo kama lilivyosafiri tende na boriti. Sijui kwa nini hatuwaambii watoto jambo dogo kama hili, maana aghalabu ya sababu ya sisi kuwa na jamaa Unguja, Mombasa na Lamu imo ndani ya maji haya.

Tizama ramani. Sur iko karibu na Ras al Hadd, pembe ya Oman inayotoka kuelekea Bahari ya Hindi. Kusi ikishika nguvu, kuanzia Juni hivi, bahari ya nje inachafuka vibaya na mabaharia wa zamani walikuwa wakisema bahari imefungwa. Chombo cha mbao kitakwenda wapi? Horini. Mlango wake ni mwembamba, lakini ukishapita, ndani panapanuka na mawimbi hayafiki. Nahodha alisubiri maji yajae, bora zaidi yawe bamvua, akaingia taratibu.

Halafu maji yanakupwa. Hapo ndipo hori linapopita bandari nyingi kubwa. Sehemu kubwa ya ndani inabaki tope na mchanga, na chombo kinakaa chini chenyewe. Unakiwekea gadi ubavuni kisilale, mafundi wanapiga kalafati, wanakwangua makome, wanapaka deheni. Maji yakirudi, chombo kinaelea tena. Huhitaji gati wala winchi, na hakuna anayekutoza hata baisa moja. Mabaharia nao walikuwa huru miezi ile kwenda kuvuna tende.

Kusi ikipoa, vyombo vilitoka kwenda Basra kupakia tende. Kaskazi ikianza kuvuma, safari ikawa ya kusini: Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja. Huko waliuza tende, samaki mkavu na chumvi, wakanunua boriti za mikoko za Rufiji na Lamu, nazi na karafuu. Kusi ya mwanzo, Aprili na Mei, ikawarudisha nyumbani kabla bahari haijafungwa. Mbao za kuundia vyombo zilitoka Malabar, India, maana Sur haina msitu.

Na Unguja nako walipata nini? Walipata maji ya aina ile ile. Mji uko upande wa magharibi wa kisiwa, kusi haiupigi moja kwa moja, na mbele yake kuna visiwa vidogo, Changuu, Chapwani na Bawe, vinavyovunja mawimbi. Bandari hii, pamoja na maji matamu, ni katika mambo yaliyomvuta Sayyid Said kuhamishia makao yake huko. Na Unguja pia ilikuwa na hori lake, lile lililokata baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Likafukiwa karne iliyopita, leo gari zinapita pale Darajani na wengi hawajui daraja lenyewe lilivuka nini.

Sasa lazima niseme na hili, ijapokuwa wapo wasiopenda kulisikia. Maji yanayoficha chombo na upepo yanakificha pia na macho ya watu. Sur ilikuwa miongoni mwa bandari zilizopokea watumwa kutoka Afrika ya Mashariki, na biashara iliendelea kwa siri hata baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la Unguja. Manowari za Kiingereza zikawa zinasimamisha majahazi baharini na kuyapekua. Baadhi ya wenye vyombo wa Sur wakapata karatasi na bendera ya Ufaransa, ili Mwingereza asiweze kuwapanda. Si haki kusema kila aliyepandisha bendera ile alibeba watu. Wapo waliochoka kusumbuliwa tu. Lakini wapo waliobeba.

Ugomvi ulikua mpaka ukafika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na hukumu ikatoka Agosti 1905. Waliopewa bendera kabla ya 1892 waliachiwa, lakini haki ile isihamishiwe mtu mwengine wala chombo chengine. Dola mbili kubwa za Ulaya kortini kwa sababu ya majahazi ya mji mmoja wa Oman! Katika familia zetu wako ambao bibi yao alipanda jahazi kwa hiari yake, na wako ambao bibi yao alipakiwa bila ya kuulizwa. Mara nyingine ni familia hiyo hiyo moja.

Kilicholimaliza hori si hukumu, ni meli za moshi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na miaka michache baadaye meli za barua zikawa zinafika Unguja kwa ratiba, kusi isiwe kusi. Meli ya chuma haiwezi kukalia tope. Inataka kina. Ndiyo maana Mombasa nako Bandari ya Kale iliachiwa majahazi, kazi kubwa ikahamia Kilindini, na jina lenyewe linakwambia kwa nini. Sur haikuwa na Kilindini yake. Sifa ile ile iliyoupa mji utajiri ndiyo iliyouweka nyuma.

Bado kiko kiwanda cha kuunda vyombo ukingoni, na ghanja Fath al-Khair, iliyoundwa hapa hapa na kurudishwa kutoka Yemen, iko nchi kavu kwa wanaotaka kuiona. Nzuri. Ila ukenda na watoto, usiishie darajani. Nenda siku za bamvua, baina ya tarehe 14 na 17 za mwezi wa Kiislamu, uwaulize wavuvi wa Al Ayjah maji yanakupwa saa ngapi. Telemka mpaka ukingoni uwaoneshe tope lilivyo pana, na wazee wa pale, wangali wapo, watawaonesha chombo kilikuwa kikiwekwa wapi.