Kozi ya afya mtandaoni: Kilelengwani utauza nini?

Una simu, una bando, umeamua kufundisha watu kuishi kwa afya na kulipwa. Poa. Lakini kabla hujaweka bei, jiulize: mtu wa Kilelengwani atanunua nini kwako?

Video za jimu na juisi za kijani? Utalala njaa. Huku delta ya Tana, mto ukifurika, shida ya kwanza ni maji safi. Na jibu lake haliuzwi. Tangu Septemba 2023, serikali ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wanaopita nyumba kwa nyumba. Chemsha maji, nawa mikono, mtoto akihara mpe ORS umpeleke zahanati: hayo nawe toa bure. Mtoto hangoji M-Pesa iingie.

Uza kile bango la zahanati haliwezi: kumfuatilia mtu. Wiki nne, watu kumi, mlo wa wali, samaki na ndizi za hapa hapa, sukari kidogo kwenye chai, na wewe kila jioni kuuliza, "Leo vipi?" Rekodi sauti, tuma kwa WhatsApp, video inakula bando.

Mawili usicheze nayo. Ugonjwa wa mtu ni siri inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, usiuanike kwenye kikundi. Na mwenye presha au kisukari usimwachishe dawa, mtume kliniki. Utakosa ada moja, utabaki na jina. Kijijini, jina ndilo tangazo.