Pistoni Kubwa na Injini Zivujazo Mafuta

Aghalabu mwenye pikipiki ya zamani aonapo mafuta yanachuruzika chini ya silinda, siku chache baada ya injini yake kutiwa pistoni kubwa, hukumu yake ya kwanza huiangukia gasketi. Hununua nyingine, huipaka silikoni kwa wingi, hukaza nati kwa nguvu zake zote, na mafuta hurudi palepale yalipokuwa. Lawama hiyo si ya gasketi. Kazi yake ni kuziba nafasi ndogo baina ya nyuso mbili zilizolalana sawasawa, wala haikutengenezwa ishindane na hewa inayoisukuma kutoka ndani maelfu ya mara kwa dakika. Na hewa hiyo, katika injini iliyozidishiwa pistoni, ndiyo asili ya hitilafu ambayo mafundi wengi huisahau.

Na tutwae kwa mfano injini ya Triumph Bonneville, iliyotoka mwaka 1959 katika kiwanda cha Meriden, karibu na Coventry, Uingereza, kwa kuwa ni mojawapo ya pikipiki za kale zinazopendwa na kufufuliwa mpaka leo, na kwa kuwa sifa yake ya mbio na sifa yake ya kuvuja zimesafiri pamoja. Nasaba yake yaanzia kwenye Speed Twin ya mwaka 1937, kazi ya Edward Turner, yenye silinda mbili zisimamazo bega kwa bega. Katika Bonneville kila silinda ina tundu la upana wa milimita 71, na pistoni husafiri milimita 82, hata jumla ya ujazo ikawa sentimita za ujazo 649. Pistoni hizo mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Zishukapo, hewa iliyo chini yake katika kasha la krenki husukumwa kwa kadiri ya ujazo wote huo. Zipandapo, huvutwa tena. Ni mvukuto wa mhunzi, isipokuwa mvukuto huu huvuma mara 100 kwa sekunde injini izungukapo mara 6,000 kwa dakika.

Pistoni kubwa ni za namna mbili, na wazichanganyao hupotea njia mapema. Ya kwanza ni ile inayotiwa kwa sababu silinda imelika na haina budi kuchongwa. Mathalan pistoni iliyozidi kwa elfu arobaini za inchi, yaani milimita moja na chembe, huufikisha ujazo wa Bonneville 668 tu. Ziada hiyo ni haba. Ikiwa injini inavuja baada yake, sababu itafutwe katika mikono iliyoifanya kazi. Ya pili ni ile ya mtu atakaye nguvu zaidi, anayeondoa silinda za asili na kuweka nyingine zenye tundu la milimita 76, hata injini ikapata ujazo wa 744, sawa na ule ambao kiwanda chenyewe kilikuja kuutumia katika Bonneville T140 ya miaka ya 1970. Huyu ameongeza karibu sentimita 95 za hewa inayosukumwa kila mzunguko, na asipoipanulia njia ya kutokea, itajitafutia njia yenyewe, ikiambatana na mafuta.

Kwa namna zote mbili, kinga huanzia mahali ambapo macho hayafiki, nako ni ukutani mwa silinda. Ringi ndizo zizuiazo moshi wa mlipuko usiteremke katika kasha la krenki, nazo haziwezi kukamata ukuta uliosuguliwa ukawa laini kama kioo. Baada ya kuchongwa, ukuta hupitishwa jiwe la kusugulia, likaacha mikwaruzo myembamba inayokatana, ili mafuta yakae humo na ringi zipate pa kujisagia mpaka zilingane nao. Kisha silinda ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, si kwa petroli peke yake, kwa maana petroli huyaondoa mafuta na kuuacha unga wa jiwe umeganda. Mtu apitishe kitambaa cheupe ndani, na maadamu kitambaa chatoka na weusi, aoshe tena. Ncha za ringi zipimwe zikiwa ndani ya silinda yenyewe: kwa tundu la milimita 71 nafasi baina yake huwa robo ya milimita hadi thuluthi yake, wala fundi asidhani kwamba ringi mpya za dukani zimekwisha kupimwa na mtu mwingine. Hili haliwahusu wenye Triumph pekee. Dereva wa bodaboda achongeshaye silinda yake Kariakoo au Grogan, kisha akaona mafuta yakitoka kwenye mpira wa pumzi, naye aanzie hapo hapo.

Baada ya ukuta, nyuso. Kasha la krenki la Triumph ni nusu mbili zinazoungana wima, na katika kinywa chake, pale silinda ikaapo, nusu moja huweza kuwa juu kuliko mwenzake kwa unene wa karatasi. Kidole hukisikia kidato hicho upesi kuliko jicho, na hapo ndipo mafuta hutoka, mbele na nyuma ya silinda. Kitako cha silinda nacho hupinda kwa nati zilizokazwa kupita kiasi na mafundi waliotangulia. Kilazwe juu ya kioo kinene chenye msasa laini, kisogezwe taratibu, na alama zitaonyesha pale palipoinuka.

Lakini mahali penye hila kuliko pote ni mirija miwili ya pushirodi, mmoja mbele na mmoja nyuma, iliyobanwa baina ya silinda na silinda hedi. Mpira wake ukiwa mwembamba, mafuta hupita. Ukiwa mnene, mirija huishikilia silinda hedi isikae juu ya gasketi yake, na sasa hata moto huvuja. Ustadi ni kuweka mirija na mipira yake mipya, kuilaza silinda hedi juu yake kabla ya kuikaza, na kuipima nafasi iliyobaki kati yake na gasketi: isipungue robo tatu ya milimita wala kuzidi milimita moja. Silinda hedi iliyochongwa, au gasketi ya unene mwingine, huibadili hesabu hiyo yote, na kwa hiyo haifai kunakili kipimo cha injini ya jirani. Gasketi ikiwa ya shaba, ipashwe moto mpaka iwe na wekundu hafifu, kisha itiwe majini. Shaba hulainika kwa tendo hilo, ikakubali kubanwa.

Hatimaye ni pumzi. Hapo awali Bonneville ilipumua kwa kisahani kilichozunguka mwishoni mwa kemshafti, kikifungua na kufunga kwa zamu. Mwaka 1970 wahandisi wa Meriden waliiacha njia hiyo, wakaiondoa sili ya nyuma ya sproketi ya krenki na kutoboa matundu matatu madogo, ili hewa ipite katika kasha la mnyororo, ambalo ni pana, mafuta yatulie humo, kisha hewa itoke kwa mpira mnene wa nyuma. Naiona kuwa tadbiri bora kuliko ya kwanza. Mwenye injini ya kale aliyeifikisha 744 anaweza kuongeza vali ya ulimi, inayoruhusu hewa kutoka na kuizuia kurudi, akiiweka karibu na injini kadiri awezavyo. Kwa vali hiyo msukumo wa ndani hupungua hata ukawa chini ya ule wa nje, na mafuta yakakosa wa kuyafukuza.

Baada ya kilomita 400 hivi, injini ikiwa baridi kabisa, boliti za silinda hedi zikazwe tena kwa spana ya kupima mkazo, kisha vali zirekebishwe, maana nafasi zake hupungua gasketi ikaapo. Nawe msomaji unayekusudia kununua pistoni kubwa, nunua na vali ya pumzi siku hiyo hiyo, uifunge kabla ya kuiwasha injini mara ya kwanza.