Kutoka Filamu hadi Dijitali: Mpiga Picha na Lenzi Zake

Kampuni ya Canon ilipoitoa kamera ya EOS 300D mwaka wa 2003, kwa bei ya chini ya dola 1,000 za Marekani, wapiga picha wengi waliiaga filamu. Faida zilikuwa bayana: badala ya kuhesabu picha 36 za mkanda mmoja na kungoja zisafishwe, picha ilionekana papo hapo.

Hata hivyo, kihisi cha kamera hiyo kilikuwa kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, hivyo kilinasa sehemu ya katikati tu ya taswira iliyoletwa na lenzi. Lenzi ya milimita 28, iliyozoeleka kwa mandhari pana, ikawa na upeo wa lenzi ya milimita 45 hivi. Aliyepiga picha za wanyama wa mbali alifurahi; aliyepiga picha ndani ya vyumba vidogo alipungukiwa.

Mwaka wa 2005 ilitoka EOS 5D, yenye kihisi kinacholingana na fremu ya filamu. Lenzi za EF, zilizoanza kutengenezwa mwaka wa 1987, zikarejeshewa upeo wake. Waama, kamera ni mpita njia. Lenzi ndiyo mwenyeji. Aliyeziuza lenzi zake kwa pupa alizinunua mara ya pili.